Ukimchagua Eddie Hazel, Umewaacha Wangapi?

Sheria ya mwenye nyumba ilikuwa fupi. Kila mtu aje na santuri moja ya P-Funk, yaani fanki ya George Clinton na makundi yake Parliament na Funkadelic, anayoipenda kuliko zote, aiweke mezani, basi. Mikusanyiko ya vibao bora hairuhusiwi, rekodi za jukwaani hazihesabiki. Tulikuwa sebuleni kwake huku Prince George's County, Maryland, jirani na Washington, wazee kwa vijana, karibu wote wazaliwa wa hapahapa. Mwenye lafudhi ya Tanga nilikuwa mimi peke yangu. Jikoni samaki walikuwa wanakaangwa na majalada yalianza kujaa mezani.

La kwangu lilikuwa Maggot Brain ya Funkadelic. Ile yenye kichwa cha mwanamke kilichochomoza ardhini, mdomo wazi, anapiga ukelele. Ukiligeuza jalada, palipokuwa na uso pana fuvu.

Mzee mmoja akaliinua kwa kulishika kingo, akalitazama mbele na nyuma, akalirudisha.

"Umechagua vizuri," akasema. "Ila hii siyo ya kundi, kijana wangu. Hii ni ya Eddie."

Alimaanisha Eddie Hazel, mpiga gitaa wa Funkadelic. Watu wakacheka, zamu ikaenda kwa mwingine. Mimi nikabaki na ile kauli. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kazini. Wiki zikapita bado namjibu mzee kimoyomoyo nikiwa kwenye foleni ya magari, kila safari kwa hoja mpya, na kila hoja ikinishinda kabla sijafika.

Maana kama alisema kweli, basi miaka yote hii nimekuwa shabiki wa mtu mmoja, huku najitapa kwamba mimi ni shabiki wa kundi.

## Jina ndilo lililohama

Habari za George Clinton kuanzisha The Parliaments kwenye saluni ya kinyozi ya Plainfield, New Jersey, sitazirudia, mnazijua. Nataka kukumbusha jambo moja tu, kwa sababu bila hilo swali la albamu halieleweki.

The Parliaments lilikuwa kundi la waimbaji watano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazozana na lebo yao, Revilot, na Clinton akajikuta hawezi kulitumia jina lake mwenyewe. Akafanya ujanja: wale vijana waliokuwa wakiwapigia vyombo nyuma ndio wakasaini mkataba na Westbound ya Detroit, kwa jina la Funkadelic, na waimbaji wakaingia humo kama wageni waalikwa. Jina la zamani liliporudi mikononi mwake, likakatwa herufi ya mwisho, likawa Parliament, na kuanzia mwaka 1974 likawa na mkataba wake mwingine kwenye lebo ya Casablanca. Lebo mbili, majina mawili, watu walewale.

Sisi tuliokua redio ikipiga Sikinde na Msondo tunazijua sana habari za wanamuziki kuhama bendi. Mpiga solo analala huku, anaamkia kule, mashabiki wanagombana mtaani. Kwa Clinton mambo yalikuwa kinyume. Wanamuziki walikaa palepale, jina ndilo lililokuwa linahama.

Kwa hiyo ukiulizwa albamu, kwanza umeulizwa upande.

Upande wa Parliament una matarumbeta, hadithi za anga, wahusika wenye majina ya katuni, na vibao vya kumtoa mtu kitini. Upande wa Funkadelic una magitaa yanayokwaruza, giza, na maneno ambayo huwezi kuyacheza mbele ya wakwe. Pale mezani majalada yalijigawa yenyewe bila mtu kupanga. Waliozeeka na disko walikuwa upande mmoja, waliozeeka na roki upande wa pili, na kijana mmoja katikati aliyefika kwa njia ya hip hop. Huyo nitamrudia.

## Dakika kumi za mtu mmoja

Nikaanza kwa kuichunguza silaha ya mzee mwenyewe.

Wimbo unaobeba jina la albamu ya Maggot Brain, iliyotoka mwaka 1971, una dakika kumi, na karibu zote ni gitaa la Eddie Hazel. Clinton ameisimulia mara nyingi ile hadithi ya studio: alimwambia Hazel apige kama mtu aliyeletewa habari kwamba mama yake amefariki, kisha akagundua kwamba yu hai. Hazel alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Akapiga.

Hapo hadithi huishia kwa wengi. Kilichoninyima usingizi ni sehemu inayofuata.

Kundi zima lilikuwepo. Dramu zilipigwa, besi ilipigwa. Clinton aliposikiliza alichorekodi, akazishusha sauti za wengine karibu zote, akaliacha gitaa la Hazel lielee na mwangwi wake, na chini yake gitaa jingine dogo linalodonoa nota zilezile polepole mpaka mwisho. Ukiweka vipokea sauti masikioni na chumba kiwe kimya, kuna mahali unasikia mabaki ya dramu kwa mbali, halafu huyasikii tena.

Mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua, au pengine alijua. Wimbo ninaoupenda kuliko wote wa kundi hili ulipatikana kwa kuwanyamazisha wenzake Hazel.

Kwa muda nilijitetea hivi: kumnyamazisha mtu nako ni kazi ya pamoja, bila wale wengine kukubali kushushwa, wimbo usingekuwepo. Hoja tamu. Tatizo lake ni kwamba hakuna aliyewauliza. Tiki Fulwood alipiga dramu zake, Billy Nelson akapiga besi yake, na uamuzi ukafanyika kwenye meza ya kuchanganya sauti.

Nikakimbilia nyimbo nyingine za albamu hiyohiyo. Can You Get to That ni sauti za watu juu ya gitaa kavu, wanapokezana mstari kwa mstari, na sauti nzito ya mwimbaji Ray Davis inaingia kutoka chini kabisa kama kawaida yake. Hit It and Quit It ni kinanda cha Bernie Worrell tangu mwanzo hadi mwisho. Wars of Armageddon ni vurugu mechi ambayo hata ukiambiwa nani alifanya nini utabisha. Kwa hiyo albamu ina kundi ndani yake, tena kundi lenye afya. Lakini niseme ukweli: nikiwa nyumbani peke yangu sindano huwa naiweka mwanzo wa upande wa kwanza, na mara nyingi baada ya dakika kumi nainyanyua.

Kingine ni kilichotokea baada ya albamu. Nelson aliondoka kwa ugomvi wa pesa. Mpiga gitaa Tawl Ross akaondoka. Fulwood naye akatoka. Wale vijana watano waliosaini mkataba wa Westbound ili wakubwa wao wapate pa kuimbia walisambaratika baada ya albamu ambayo leo sote tunaipigia magoti.

Nikaona niiweke pembeni kidogo, nizisikilize za wenzangu.

## Chombo cha Seat Pleasant

Hapa Washington na viunga vyake, Mothership Connection, albamu ya Parliament ya mwaka 1975 na chaguo la mzee, ni kama imani ya nyumba. Clinton aliusifu mji huu kwenye albamu ya Chocolate City mwaka 1975, wakati wakazi wake wengi walikuwa weusi, na mji haujasahau. Wazee wa pale sebuleni walimwona Clinton akishuka jukwaani kutoka kwenye chombo chake cha anga pale Capital Centre, Landover, na wakianza kusimulia ujue chakula kitapoa.

Chombo chenyewe, kile cha alumini chenye taa, kilishuka jukwaani mwaka 1976 kwa mara ya kwanza New Orleans, na kikawa kivutio cha ziara nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madeni yakiwa yamewaelemea, kikaishia kwenye uwanja wa vyuma chakavu Seat Pleasant, kaunti hiihii ninayoishi. Kilichopo leo kwenye jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, katikati ya Washington, ni cha pili, kilichotengenezwa miaka ya 1990. Watalii wanapiga nacho picha. Cha kwanza hakijulikani kilipo, na kuna wazee hapa ambao ukiwapa nusu saa watakuonyesha kwa kidole mtaa kilipoonekana mara ya mwisho, kila mmoja na mtaa wake.

Kwa kigezo cha mzee, hii ndiyo albamu ya kundi hasa. Bootsy Collins yumo na besi yake. Wapulizaji Fred Wesley na Maceo Parker wametoka kwa James Brown. Septemba 1974 walikuwa naye Kinshasa kwenye lile tamasha la kusindikiza pambano la Ali na Foreman, na mwaka uliofuata wakawa kwa Clinton. Ndugu wawili Brecker wanapuliza. Worrell yuko kila kona. Garry Shider na Glenn Goins wanaimba. Kwenye wimbo unaobeba jina la albamu, wanaliingiza gari la farasi la tenzi za rohoni za watumwa na kuligeuza chombo cha anga, na humo ndani sauti zimebanana kiasi kwamba huwezi kumnyooshea mtu kidole ukasema huyu ndiye.

Niliisikiliza wiki nzima. Nilicheza jikoni. Mke wangu aliuliza kama nimepandishwa cheo.

Na bado haikunishika pale Maggot Brain inaponishika. Nikajiuliza kwa nini, kwa sababu hakuna kosa hata moja ninaloweza kulitaja. Nadhani ni hili: humu watu wote wapo, lakini wote wanacheza tamthilia ya mtu mmoja. Kila mlio umewekwa kumtumikia mhusika, mtangazaji wa redio ya angani, na mhusika huyo ni Clinton. Katika Maggot Brain kiongozi aliwazima wengine ili amsikie mmoja. Katika Mothership Connection amewawasha wote ili asikike yeye. Nani kati yao ameliheshimu kundi zaidi?

Wenyewe walikuwa na jibu. Mwaka 1977, miaka miwili baada ya albamu ile, waimbaji watatu wa tangu enzi za kinyozi, Fuzzy Haskins, Calvin Simon na Grady Thomas, waliondoka. Jerome Brailey, mpiga dramu wa albamu hiyohiyo, akajitoa, akaunda bendi akaiita Mutiny, yaani maasi, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1979 ikaitwa Mutiny on the Mamaship. Hapo hakuna fumbo la kufumbua. Goins hakupata hata nafasi ya kuzeeka na malalamiko. Alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 24.

## Dada wa Baltimore

Aliyeweka One Nation Under a Groove ya Funkadelic mezani alikuwa dada mmoja kutoka Baltimore, na alikuwa mtu pekee aliyeweka santuri yake huku ameikunjia mikono kama anayesubiri pingamizi.

Pingamizi halikuja. Nani atapinga? Wimbo wenye jina la albamu ulikaa wiki sita kileleni mwa chati ya R&B mwaka 1978. Junie Morrison alikuwa ameletwa kutoka bendi ya Ohio Players, na ukitaka kujua mtu mmoja anaweza kuongeza nini kwenye chungu ambacho tayari kina wapishi wengi, sikiliza vinanda na mpangilio wa sauti humo. Kila kitu kinateleza. Kuna wimbo mzima wa kuuliza nani amesema bendi ya fanki haiwezi kupiga roki, na Michael Hampton anajibu kwa gitaa.

Ni albamu kamili. Naiheshimu kama ninavyomheshimu mtu anayewahi kila mkutano.

Ila jambo lililonigutusha ni kisahani kidogo cha nyongeza kilichouzwa pamoja nayo. Mlikuwa na Maggot Brain ya jukwaani, na aliyepiga alikuwa Hampton. Kijana huyu alipokelewa kundini mwaka 1974 akiwa na miaka 17, baada ya kuupiga wimbo huohuo nota kwa nota mbele yao. Hazel bado alikuwa hai, bado alikuwa akiingia na kutoka. Wimbo niliodhani ni wa Eddie peke yake ulikuwa tayari umeshageuzwa mali ya kundi, una mrithi, unapigwa usiku hadi usiku na mwingine, na watu wanalia vilevile.

Nilitaka nimpigie mzee simu usiku uleule. Kwa hiyo ni ya kundi! Kisha nikajiona nafanana na wakili aliyepata karatasi moja.

## Sekunde mbili

Sasa yule kijana wa katikati. Aliweka Uncle Jam Wants You, ya Funkadelic pia, ya mwaka 1979, na hakuficha sababu: Knee Deep. Dakika kumi na tano za wimbo ambao kundi la rap la De La Soul walichota kwao mwaka 1989 wakapata Me Myself and I, na ambao California nzima iliujenga mji wake wa rap juu yake. Kijana alianza na mwanarap Dr. Dre, akarudi nyuma kama mtu anayefuata mto mpaka kwenye chemchemi. Wazee walimcheka kwa sababu albamu ina wimbo mmoja mkubwa na nyingine za kuusindikiza. Mimi sikucheka. Wa kuja na albamu ya wimbo mmoja nilikuwa mimi pia.

Ni yeye aliyetaja ile kesi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitoa uamuzi kuhusu kipande cha gitaa kilichochukuliwa kutoka Get Off Your Ass and Jam, wimbo wa Funkadelic wa mwaka 1975, kikatumika kwenye wimbo wa kundi la rap la N.W.A. Kipande chenyewe kilikuwa cha sekunde mbili, kimeshushwa toni, kimerudiwarudiwa. Mahakama ikasema rekodi ya mtu haiguswi bila leseni, hata iwe sekunde mbili. Waliodai haki zao walikuwa Westbound na Bridgeport, kampuni yenye hatimiliki za nyimbo. Waliopiga hawakuwa upande wowote wa kesi.

Na aliyepiga ni nani? Clinton amesimulia kwamba gitaa la wimbo ule lilipigwa na mtu asiyemjua, mteja wa unga, aliyeingia studio, akaomba apige, akapewa dola chache, akatoka na hakuonekana tena. Ni hadithi ya Clinton, na Clinton ni msimulizi hodari, ichukueni hivyo. Lakini kama ni kweli hata nusu yake, kuna mtu alitembea mitaani bila jina na sekunde zake mbili zikabadilisha sheria ya muziki ya Marekani.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona swali la mzee kwa jicho lingine. Yeye aliuliza nani anasikika. Mimi nikaanza kuuliza nani ameandikwa.

Hata waliowapokea kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki, mwaka 1997 walipata shida hiyo. Ilibidi waingize watu 16 kwa mpigo, na bado kuna waliobaki nje ya mlango.

## Jina la mama

Nilianza kusoma majalada badala ya kusikiliza. Kazi ya macho, hasa yale aliyochora Pedro Bell wa Chicago kwa kalamu za wino wa rangi: kila inchi ina jitu, kila jitu lina maneno, na majina ya wanamuziki yamevishwa utani mpaka usijue yupi ni yupi. Karatasi imeparara, wino mdogo, inabidi uwashe tochi ya simu na kuiinamisha ubavuni.

Standing on the Verge of Getting It On, Funkadelic, Julai 1974. Nilikuwa nayo miaka mingi, naicheza kwa nadra, naihesabu ya kati. Nikafika kwenye orodha ya watunzi.

Clinton na Cook. Clinton na Cook. Tena Clinton na Cook.

Grace Cook. Ni mama yake Eddie Hazel.

Hazel alishiriki kutunga nyimbo zote za albamu ile, na zile alizotunga na Clinton aliziandikisha kwa jina la mama yake ili kukwepa mtego wa mikataba ya hatimiliki. Mtu aliyeambiwa awazie mama yake amekufa, akatoa dakika kumi ambazo dunia haijazimaliza, miaka mitatu baadaye anakaa na karatasi za kampuni na kumwandika mama huyohuyo kama mtunzi. Wengi humu walipigania jina kwa miaka mingi mahakamani na magazetini, wengine wakafa wakiwa bado wanalidai. Huyu alilificha la kwake na akaweka la mzazi.

Nikaipiga albamu upya, safari hii bila kurukaruka.

Inaanza na sauti zilizochezewa kasi, zinabwabwaja, halafu Red Hot Mama inakurukia na magitaa mawili. Alice in My Fantasies haifiki hata dakika tatu na inatosha kumtoa mtu jasho. Kisha inakuja I'll Stay, na hapa niruhusuni nikae. Ni wimbo wa zamani wa The Parliaments waliourudia, wimbo wa kuimbiwa nje ya dirisha la msichana, na wameupunguza mwendo mpaka umekuwa wa zaidi ya dakika saba. Besi ya Boogie Mosson inatembea kama haina pa kwenda. Waimbaji wote watano wa saluni ya Plainfield bado wamo, miaka mitatu kabla ya kugawana njia, na wanaimba kwa ule mtindo wao wa kona ya mtaa. Worrell anaweka kinanda pale tu panapovuja. Na Hazel? Hazel anapiga pembeni. Anajibu. Mwimbaji akimaliza mstari anaingiza nota tatu nne na kujitoa. Anayeweza kuujaza wimbo mzima peke yake ameamua kukaa nyuma ya sauti za kaka zake, na hakuna aliyeshushwa kwenye meza ya kuchanganya ili yeye asikike.

Mwishoni ipo Good Thoughts, Bad Thoughts, dakika kumi na mbili, gitaa tulivu kisha mahubiri ya Clinton kuhusu mawazo. Mahubiri yenyewe ni ya kawaida. Gitaa silo.

Mwaka uleule Hazel alifungwa kwa fujo za ndani ya ndege na dawa za kulevya. Alipotoka, Hampton alikuwa ameshika nafasi. Akarekodi albamu moja kwa jina lake mwaka 1977, akaendelea kuonekana hapa na pale, akafariki Desemba 1992. Kwenye mazishi yake walipiga Maggot Brain.

## Bado ni ya Eddie?

Najua atakachosema mzee. Atasema umeitoa ya Eddie umeleta nyingine ya Eddie, tena hii kaitunga kabisa.

Nimelifikiria, na sidhani kwamba hoja yake inasimama kama ilivyosimama mwanzo. Yeye anapima kundi kwa kutoonekana mtu. Kwa kipimo hicho Mothership Connection inashinda daima, na Brailey na wenzake walishatueleza ilivyokuwa kuishi ndani ya ushindi huo. Mimi sasa nasikiliza kitu kingine: kama yule mkali kuliko wote anawaachia wengine nafasi. Kwa Maggot Brain hakuachiwa uamuzi huo, alifanyiwa. Kwenye I'll Stay anaufanya mwenyewe, mstari baada ya mstari.

Sina hakika kamili. Zipo siku narudi kwenye zile dakika kumi na kusema potelea mbali kundi, nipeni mtu mmoja na gitaa lake. Na albamu niliyochagua ina mapungufu ambayo One Nation haina: rekodi ni ya haraka, sauti zimerundikana, na matarumbeta hamna. Bootsy naye hayumo, na shabiki wa P-Funk anayechagua albamu isiyo na Bootsy anapaswa kuwa tayari kula peke yake.

Mkutano ujao uko Baltimore kwa yule dada, na ameshatuma sheria yake: kila mtu aje na albamu yake, na aseme mbele za watu ni wimbo gani angeukata kama angeruhusiwa kuukata mmoja. Kwa Standing on the Verge sihitaji kufikiri. Ni ule wa utani juu ya Jimmy. Utani wa kumcheka mtu kwa anavyopenda, umechakaa vibaya, na hata siku ulipokuwa mpya nadhani walicheka waliokuwa studio tu. Ukiutoa, I'll Stay inapata nafasi ya kuongezwa dakika mbili.

Mzee yeye atakata nini kwenye Mothership Connection sijui. Ameniambia kwa simu kwamba haendi kama sheria ndiyo hiyo.